Nani Anasema kwa Sauti ya Mama?

Tulimwacha Wakili amesimama mbele ya kamati ya bunge, kinywa wazi, huku spika za ukutani zikitoa sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu madaktari walipomtoa mama yake koromeo lenye saratani.

"Waheshimiwa," ilisema sauti ile, tamu, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni kama ilivyokuwa siku zote, "mimi ni Chiriku. Nimewaimbia miaka mingi. Leo nawaomba jambo moja tu. Kifuteni kifungu cha sauti."

Kama sehemu iliyopita ilikupita, usihangaike, nakuwekea sawa. Chiriku ni jina la jukwaani la mama yake Wakili, mwimbaji ambaye nyimbo zake zimepigwa kwenye baa, kwa vinyozi na katika harusi za nchi nzima. Ugonjwa ulimnyang'anya sauti. Tangu atoke hospitali anapumua kwa tundu la shingoni, na akitaka kusema huchezesha midomo tu, bila mlio. Kifungu cha sauti ni kile alichokwenda Wakili kukitetea: kwamba sauti ya msanii ni mali yake, na mtu asiiige kwa mashine wala kuitia neno lolote pasipo msanii mwenyewe kuliridhia neno hilo.

Na sasa anayekipinga ni mama yake mzazi, kwa sauti aliyokwisha kuipoteza.

Spika zikanyamaza. Mwanasheria wa kampuni ya muziki akafunga kifungo cha koti lake na kuketi taratibu, kama mtu aliyemaliza kula. Mjini wanamwita Tai. Wengine husema ni kwa sababu ya tai zake za hariri, wengine husema ni yule ndege.

Mwenyekiti wa kamati alivua miwani. Alikuwa mzee mpole asiyependa kelele, na swali lake lilikuwa fupi.

"Wakili, sauti hii ni ya mama yako?"

Hapo ndipo alipobanwa. Akisema ndiyo, amekubali ushahidi wa adui yake. Akisema hapana, amedanganya chini ya kiapo, na nusu ya waliomo ukumbini wamekulia nyimbo za mama huyo, wangemzomea.

"Sauti ni yake, Mheshimiwa," alijibu. "Aliyesema simjui."

Kicheko kikapita mezani. Mbunge mmoja akauliza tangu lini sauti ikawa kitu kimoja na msemaji kitu kingine. Wakili alitaka kumwambia kwamba kifungu kizima kimeandikwa kwa ajili ya swali hilo hilo, lakini akaishia kupekua karatasi zake. Yeye ambaye ofisini walimbandika jina la Bi Kifungu, kwa kuwa hata akikataa chai hutaja kifungu kinachomruhusu kukataa, siku hiyo hakukumbuka hata kimoja.

Tai alisimama tena, akaeleza kwa upole kwamba hakuna kilichoibwa. Mama alitoa leseni ya sauti yake kwa hiari, akatia saini, na mwanawe wa mwisho akawa shahidi. Kampuni ilichukua nyimbo zake za zamani na mahojiano yake ya redio, ikaifundisha mashine, mashine ikaijua sauti. Siku hizi mama anaongea kwa kifaa walichomkabidhi. Basi ameongea, na amesema anachotaka.

Mwenyekiti alifikiri, kisha akatoa uamuzi. Kesho asubuhi mama aje mwenyewe. Akithibitisha kwamba hakitaki kifungu, kitafutwa. Asipofika, kamati itafuata ilichokisikia leo.

Wakili alikusanya karatasi zake. Hakusikia kitu kingine. Neno lililomgonga kichwani lilikuwa moja: kifaa.

Kifaa gani?

Tai alimngoja kwenye korido, karibu na ngazi. Zamani wawili hawa walikaa meza moja katika ofisi ya hakimiliki, vijana waliotoka chuoni na viatu vya kuazima. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kuzunguka baa kwa baa wakieleza kwamba anayepiga muziki wa mtu biasharani kwake anatakiwa awe na leseni, na kwamba mwenye wimbo anatakiwa apate mirabaha, yaani fungu lake kila wimbo unapotumika. Walifukuzwa, wakatukanwa, siku moja wakamwagiwa maji ya vyombo wote wawili, wakarudi ofisini wananuka vitunguu na kucheka mpaka wakaumwa mbavu.

Baadaye Tai alikwenda kwenye kampuni. Wakili alibaki, akapanda, akahama kutoka kugawa leseni akaingia kwenye kuandika sera. Kanuni ya redio kutaja majina ya watunzi, aliiandika yeye. Kwenye mikutano ya wanamuziki kuhubiri kwamba usome kabla hujatia saini, alisimama yeye. Kifungu cha sauti alikibeba kwa miaka, kikikataliwa na mawaziri waliokuja na kuondoka, na asubuhi ile kilikuwa karibu kupita.

Tai hakumdhihaki. Alimweleza hali ilivyo, kwa sauti ya chini, kama daktari anayetoa majibu. Kifungu kikipita, leseni ya mama inakufa siku hiyo hiyo, kwa sababu leseni ile inaruhusu matumizi yoyote, na kifungu kinataka ridhaa ya kila neno. Leseni ikifa, kampuni haina sababu ya kumwachia mama kifaa chake. Lakini Wakili akikiondoa yeye mwenyewe, mama atabaki na kifaa maisha yake yote.

Wakili alimwuliza ni kifaa gani hicho.

Tai alimtazama. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana kuona haya.

"Hukuambiwa?" alisema. "Kaulize nyumbani kwenu."

Wakili aliendesha gari kama mtu aliyeibiwa. Mlangoni kwa mama yake alimkuta mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba ile, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akibadilisha nyuzi za gita. Yeye ndiye aliyehamia kwa mama baada ya upasuaji. Ndiye aliyejifunza kusafisha kile kimrija cha shingoni, na ndiye pekee aliyejua kusoma midomo ya mama bila kurudiarudia.

Wakili hakusalimu. Alimwuliza kama ni kweli alitia saini ya ushahidi. Mdogo wake akasema ni kweli. Akamwuliza kama aliusoma ule mkataba. Akasema aliusoma kiasi. Akamwuliza kama anajua maana ya maneno matumizi yoyote. Hapo kijana aliliweka gita chini.

"Dada, Mama ndiye aliyewaita, siyo mimi," alisema. "Na aliniambia nisikwambie, kwa sababu ungemkatalia."

"Ningemkatalia, ndiyo. Wamemnunua mzima mzima."

"Ulikuwa wapi?"

Wakili aliliangalia gita lililolala chini.

"Sikulaumu," mdogo wake akaendelea. "Wewe ulikuwa unawapigania wasanii wote. Mimi nilikuwa na mmoja tu, yumo humo ndani, analia bila sauti. Umewahi kumwona mtu analia bila sauti? Unakuta ameshalia saa nzima wewe uko chumba cha pili unakaanga mayai."

Wakili alimpita akaingia ndani.

Mama yake alikuwa chumbani, kwenye kigoda karibu na dirisha, akifua vitambaa vyake vya shingoni katika beseni la maji ya sabuni. Alipomwona binti yake alitabasamu, akakausha mikono kwenye kanga, akanyoosha mkono kitandani na kuchukua kibao cheusi cha kioo. Aliandika kwa kidole kimoja, polepole, ameuma mdomo.

"Mwanangu," kibao kikasema. "Mbona umekonda hivyo?"

Msomaji, mimi nasimulia tu, sikuwapo. Lakini najua kwamba mwanamke yule, aliyesimama mbele ya mawaziri bila kutetereka, aliketi sakafuni kama mzigo uliokatika kamba. Alikiweka kichwa mapajani mwa mama yake akalia. Ilikuwa ni sauti iliyomwita kula, iliyomgombeza, iliyomfundisha kuhesabu, iliyomkemea alipochelewa kurudi. Alikuwa amekwisha kuizika moyoni, na sasa inamwuliza kwa nini amekonda.

Mama alimwacha alie. Kisha kibao kikaeleza, sentensi baada ya sentensi. Kwamba aliposikia kampuni ina mashine inayoweza kumrudishia sauti, hakulala. Kwamba alijua binti yake angekuja na maswali, na maswali ya binti yake huwa hayaishi. Kwamba alitia saini kwa mkono wake, akili timamu, na hakujuta.

Wakili alijifuta uso. Akauliza swali alilolijia.

"Mama, leo asubuhi uliwaambia wabunge wakifute kifungu changu?"

Mama alikunja uso. Kidole kikatembea juu ya kioo.

"Wabunge gani?"

Wakili alisogea karibu naye. Akamweleza yote: ukumbi, spika, maneno yaliyosemwa, jina la Chiriku lilivyotajwa. Kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa mama ulivyozidi kukauka. Alitikisa kichwa, akatikisa tena, akaupiga ukingo wa kigoda kwa kiganja. Hakuwahi kusema hayo. Alikuwa hapa hapa nyumbani, amelala.

Basi nafuu ikapatikana. Kesho mama angefika mbele ya kamati akaseme kwamba wamemtia maneno mdomoni, kifungu kipite, kesi iishe. Wakili alikwisha kusimama ili ampigie mwenyekiti pale mama alipomshika gauni.

Mama aliandika. Alifuta, akaandika tena.

"Kifungu kikipita, hiki watakichukua?"

Hapo Wakili angeweza kudanganya. Hakudanganya. Alisema ndiyo, watakichukua, Tai ameshamwambia hivyo.

Mama alikitazama kibao kwa muda, akakifuta kioo kwa pembe ya kanga. Alipoandika safari hii hakumtazama binti yake.

"Basi kiache kifungu chako. Niachie mimi hiki. Najua wamenidanganya. Lakini nimekaa hapa bubu, mwanangu, nikiita watu wananipita kama kiti. Wanasema mbele yangu kama nimekufa. Wewe mwenyewe ulikuwa unaingia hapa unazungumza na mdogo wako, mimi unanibusu unaondoka. Sasa nikisema, unageuka. Usininyamazishe mara ya pili."

Wakili alisimama katikati ya chumba. Aliwafikiria wanamuziki waliojaa nje ya ukumbi asubuhi ile, wamevaa nguo zao za jukwaani ili waonekane watu. Alimfikiria mpiga tarumbeta aliyemshika mkono akamwambia, sisi hatuna mwingine. Aliifikiria kazi yake yote, tangu maji ya vyombo hadi siku hii. Kisha akamtazama mwanamke aliyekaa kwenye kigoda na kanga iliyolowa mapajani, akimwomba sauti kama mtu anayeomba maji.

Akashindwa, kwani nani angeshinda?

Alikitwaa kibao akakiweka kitandani, akapiga magoti akaishika mikono ya mama yake, yote miwili, akaibana katikati ya viganja vyake. Ilikuwa bado inanukia sabuni. Akamwambia kwamba kesho ataingia kwenye kamati, atakiondoa kifungu kwa mdomo wake mwenyewe, na hatakitaja tena maishani.

Mama alifumba macho kwa kushukuru.

"Asante, mwanangu," kibao kikasema kutoka kitandani. "Ndivyo ulivyotakiwa kufanya tangu mwanzo."

Mikono yote miwili ya mama ilikuwa bado mikononi mwa Wakili.

Walitazamana. Mama alishusha macho akaiangalia mikono yake iliyoshikwa, kama anayehakikisha kwamba ni yake. Midomo ikaanza kucheza haraka haraka, na Wakili hakuweza kuifuata. Alimgeukia mdogo wake, aliyekuwa amekuja kusimama mlangoni.

"Anasema nini?"

Kijana alikuwa amepauka. "Anasema siyo yeye. Hajaandika kitu."

"Kitinda," kibao kikasema, kwa upole ule ule wa mama, "usisimame mlangoni. Ingia, au toka nje. Dada yako amechoka."

Jina hilo lilikuwa la ndani ya nyumba. Mtu wa nje hakuwahi kulisikia. Kijana alirudi nyuma akagonga ukuta. Wakili ndiye aliyeelewa kwanza, maana ndiyo kazi yake kuelewa mambo kama haya: kibao kile hakikuwa kinasema tu. Kilikuwa kinasikiliza, na kwa kamera yake kilikuwa kinaona. Kila lililosemwa chumbani humo tangu kilipoletwa, kila ugomvi na kila jina la nyumbani, kuna mtu mahali fulani alikuwa analisikia, na sasa mtu huyo amechoka kusikiliza akaamua kuchangia.

Mama alijitoa mikononi mwa binti yake akasimama. Alikichukua kibao kitandani, akakikumbatia kifuani kidogo kama mtu anayemuaga mgeni. Kilikuwa kinaendelea kusema, taratibu, kwamba kila kitu kitakuwa sawa. Kisha akainama akakizamisha katika beseni la vitambaa, akakishikilia chini kwa mikono yote miwili.

Kiliongea humo humo majini. Maneno yakageuka mapovu, mapovu yakageuka kimya.

Wakili aliruka kumzuia, akachelewa. Uanasheria wake ndio uliopiga kelele kichwani: huo ndio ushahidi, ushahidi pekee tulionao, na tumeufua kwa sabuni. Aliutoa mkono wa mama majini, lakini mama akaugeuza, akaushika mkono wa binti yake. Akamtazama usoni. Akachezesha midomo, maneno mawili tu, taratibu, kama anayemfundisha mtoto kusoma.

Na kwa mara ya kwanza Wakili hakumwuliza mdogo wake. Alisoma mwenyewe.

Twende wote.

Alikuwa anamwambia kuhusu kesho. Angekwenda mbele ya kamati bila kifaa, na tundu lake la shingoni, na midomo yake isiyo na mlio, akawaonyeshe Chiriku alivyo sasa. Mdogo mtu angemtafsiria. Kifungu kingebaki. Na baada ya hapo angerudi nyumbani kuwa bubu, kwa hiari yake mwenyewe. Wakili alimkumbatia, akahisi pumzi ya mama ikitoka shingoni na kugonga bega lake.

Simu ikaita mfukoni mwa Wakili.

Alikuwa ni Mwenyekiti wa kamati. Sauti yake ilikuwa ya kirafiki. Alisema ameona ampigie mapema asije akahangaika bure kumwandaa mama kwa safari ya kesho. Mama amempigia mwenyewe, dakika hii hii, kwa kile kifaa chake. Amesema hajisikii vizuri, hataweza kufika, na ameomba kamati imalize shughuli bila yeye.

Wakili alimwambia kwamba haiwezekani. Mama yuko mbele yake. Kifaa kiko majini, ndani ya beseni, anakiona.

Mwenyekiti alijibu kwa subira, kama watu wanavyojibu mgonjwa.

"Wakili, nimeongea naye. Tena bado yuko kwenye laini nyingine hapa. Ngoja niwaunganishe, muelewane wenyewe."

Simu ikalia kidogo. Mama alisimama pale pale, maji yakimtiririka viwikoni, midomo imefumba, macho yakiuliza ni nani huyo.

"Mwanangu," ilisema sauti tamu sikioni mwa Wakili, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni, "unamsumbua Mheshimiwa kwa maneno ya ajabu. Mwambie ukweli. Mwambie jinsi ulivyokuwa tangu nilipougua, kwamba huli, hulali, unaona mambo yasiyokuwapo."

Na Mheshimiwa alikuwa anasikiliza.